Mgeni, Mwenyeji na Lugha: Historia ya Uhamiaji katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Swali la iwapo mhamiaji ana wajibu wa kujifunza lugha ya nchi aliyohamia limepata umaarufu katika siasa za Ulaya, ambako nchi kama Ujerumani, Uholanzi na Uingereza zimeifanya mitihani ya lugha kuwa sharti la kupata uraia, na kwa sababu hiyo ni rahisi kulidhania kuwa ni swali la watu wa huko tu. Ukweli ni kwamba Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita vimeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka 150, kwa kuwa ni eneo ambalo limepokea wafugaji, wapagazi, wapiganaji, wamisionari, wenye maduka kutoka Uhindi, wakimbizi na wachimbaji wa madini, na wakati huohuo limetoa wana wake kwenda kuwa wageni katika nchi za wengine. Historia ya makundi hayo inaonyesha kwamba mhamiaji hana budi kujifunza lugha ya wenyeji wake, lakini inaonyesha pia jambo ambalo mijadala ya leo huliacha kando, nalo ni kwamba mzigo huo mara nyingi umewekwa juu ya wahamiaji wanyonge, ilhali wenye fedha na mamlaka wameachwa bila kuubeba.

Eneo lenyewe linaanzia kwenye mbuga za pamba na mifugo za Shinyanga, linapita Kahama, na kufikia vilima vya Geita vilivyo kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Upande wa mashariki wenyeji wake ni Wasukuma. Kahama ni mahali ambapo Wasukuma wa kusini, Wanyamwezi na Wasumbwa wamekutana kwa muda mrefu. Na ardhi ya Mkoa wa Geita, ambao uliundwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, ilikuwa ya Wazinza kuelekea ziwani na ya Wasumbwa kuelekea Bukombe na Mbogwe. Lugha zote hizo ni za Kibantu, lakini haziko karibu kwa kiasi kimoja: Kisukuma, Kinyamwezi na Kisumbwa zina udugu wa karibu, wakati Kizinza kiko katika jamii ya Kihaya na Kikerewe, kiasi kwamba Msukuma na Mzinza wasiojuana hawawezi kuelewana kwa urahisi kila mmoja akitumia lugha yake.

Katika karne ya 19 mgeni aliyetaka kukaa katika nchi ya Wasukuma hakutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba anajua lugha. Alikwenda kwa ng'wanangwa, yaani mkuu wa kijiji aliyesimamia ardhi kwa niaba ya ntemi, mtawala wa nchi, akaonyeshwa mahali pa kujenga na pa kulima, kisha akatarajiwa kushiriki kazi za pamoja zilizosimamiwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji. Utaratibu huo ulifuata sawasawa methali isemayo kwamba mgeni ni wa siku mbili, ya tatu apewe jembe, na lugha ilikuja nyuma ya jembe, kwa sababu mtu aliyelima, kupalilia na kuvuna pamoja na vijana wa kijiji hangeweza kupita misimu mingi bila kusema kama wao. Ni vigumu kupata sera ya lugha iliyofanya kazi vizuri zaidi ya hiyo, ingawa hakuna aliyeiandika wala kuitangaza.

Hata waliokuja kwa mabavu hawakuikwepa. Watuta, ambao ni tawi la Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya vita vya Wazulu, walifika katika nchi hii katikati ya karne ya 19, wakaogopwa sana na majirani zao, na hatimaye wakaweka makao upande wa Kahama na Runzewe. Walikuwa na silaha, nidhamu ya kijeshi na fahari ya asili yao, lakini walioa wanawake wa hapahapa na kuingiza mateka wengi katika jamii yao, na kwa kuwa mtoto hujifunza kwanza lugha ya anayemlea, vizazi vichache vilitosha kuifuta lugha ya Kingoni na kuacha jina tu. Mshindi wa vita aliishia kusema lugha ya walioshindwa.

Mfano mkubwa zaidi, na ambao watu wa Geita na Kahama wangestahili kuufahamu vizuri kuliko ilivyo sasa, ni wa Wasumbwa waliokwenda Katanga. Katika miaka ya 1850 Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyekuwa akifuata shaba, alihamia kusini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu, watumwa na bunduki akajenga dola ya Garenganze iliyokuwa na makao makuu Bunkeya. Wafuasi wake waliitwa Wayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lakini ukoo wake uliendelea kutawala Bunkeya, na mmoja wa wazao wake, Godefroid Munongo, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960. Jambo linalohusika hapa ni kwamba Wayeke hao, ambao walitawala nchi na kuwatoza kodi wenyeji, waliingia taratibu katika lugha ya Kisanga ya waliowatawala, hadi Kiyeke, ambacho kilikuwa ni Kisumbwa kilichohamishwa, kikabaki karibu na ukingo wa kutoweka. Wahamiaji kutoka Usumbwa walijifunza lugha ya nchi yao mpya bila kulazimishwa na yeyote, na hawakupoteza hadhi yao kwa kufanya hivyo; jina la Wayeke na kiti cha Mwenda, jina la kitawala la Msiri, vipo hadi leo.

Katika Uzinza mambo yalikwenda kinyume. Wazinza, na hasa Walongo ambao ni wahunzi wao, walikuwa mashuhuri kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali hadi Usukuma, ambako jembe lilihesabika kuwa mali na liliweza kutolewa mahari. Miaka ya 1890 ilileta sotoka, ugonjwa ulioangamiza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, na baadaye malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ukaisumbua nchi. Palipopungua watu na mifugo msitu ulirudi, na msitu ulikuja na mbung'o, hivyo kwamba kufikia miaka ya utawala wa Waingereza sehemu kubwa ya Geita ilikuwa na ardhi nzuri na watu wachache, wakati Kwimba, Maswa na Shinyanga zilikuwa zimejaa watu na ng'ombe kupita uwezo wa ardhi.

Serikali ya kikoloni iliona suluhisho katika kuwahamisha watu. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulifyeka misitu, ukachimba mabwawa na kufungua Geita kwa wakulima wa pamba na wafugaji kutoka mashariki, ingawa wengine walikuwa wameanza kuhama wenyewe kabla ya serikali kuwahimiza. Wasukuma walifika kwa maelfu, na hawakufika mmoja mmoja kama mgeni wa zamani aliyemwendea ng'wanangwa, bali walifika kwa koo na vijiji, wakiwa na ng'ombe wao, ngoma zao na vikundi vyao vya kulima. Hawakuhitaji Kizinza ili kupata ardhi, kwa kuwa ardhi ilitolewa kwa mpango wa serikali. Hawakukihitaji kupata wasaidizi wa kazi, kwa kuwa walikuja nao. Na hawakukihitaji sokoni, kwa kuwa wanunuzi na wauzaji wengi walikuwa Wasukuma wenzao. Katika vijiji vingi Mzinza ndiye aliyejifunza Kisukuma, na watoto wake wakakua wakikisema.

Hapa ndipo hoja inayodai kwamba lugha itajirekebisha yenyewe inaposhindwa. Desturi ya jembe ilifanya kazi pale mgeni alipokuwa mmoja kati ya wengi na alipowategemea wenyeji kwa riziki, lakini wageni walipokuwa wengi na serikali ikawa upande wao, mwenyeji ndiye aliyehama kilugha akiwa juu ya ardhi ya babu zake. Haifai kuwalaumu wakulima wa Kwimba au Maswa waliokimbia njaa na msongamano, kwa maana hawakuvamia kwa silaha na wengi wao wameoana na Wazinza na kuishi nao kwa amani. Lawama inaipasa serikali iliyopanga mabwawa, njia za ng'ombe na mashamba ya pamba kwa uangalifu mkubwa bila kutenga hata darasa moja la kuwafundisha wageni lugha ya wenye nchi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho nchini kuuliza makabila, uamuzi uliofanywa kwa nia njema ya kujenga taifa moja, lakini umeufanya upungufu wa wasemaji wa lugha kama Kizinza kutokea bila kuonekana katika takwimu. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia baadaye Rukwa, Usangu, Morogoro na Lindi wameendelea na desturi ileile ya kuhama na lugha yao, na malalamiko ya wenyeji wa huko, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni ya mashamba na maji peke yake, yana ndani yake pia uchungu wa kutoweza kuzungumza na jirani.

Waliojifunza lugha za wenyeji kwa bidii kubwa katika eneo hili walikuwa wamisionari, na inafaa kusema wazi kwamba walifanya hivyo kwa manufaa ya kazi yao ya kueneza dini, jambo ambalo halipunguzi thamani ya juhudi zenyewe. Mapadri Weupe, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie, waliweka makao Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, wakiwa na agizo la mwanzilishi wao kwamba wajifunze lugha ya watu na kuitumia. Waprotestanti wa Africa Inland Mission waliofungua kituo na baadaye hospitali Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, walifuata njia hiyohiyo. Agano Jipya lilichapishwa kwa Kisukuma mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1960. Padri David Clement kutoka Kanada, aliyefahamika zaidi kwa jina la Fumbuka, alianzisha Bujora kituo cha kuhifadhi utamaduni wa Wasukuma ambacho hadi leo ni makumbusho. Jimbo la Shinyanga lilipoundwa mwaka 1956 likiwa na askofu Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Edward McGurkin, mapadri wake walitakiwa kujua kusema na waumini wao, na mwaka 1963 shirika hilo lilifungua shule ya lugha Makoko, Musoma, ambako wageni walikaa miezi kadhaa wakisoma Kiswahili kabla ya kupewa kazi yoyote. Somo la shule hiyo ni kwamba lugha hujifunzwa pale panapotengwa muda, mwalimu na mshahara, na kwamba mtu mzima anaweza kuijua lugha ngeni ikiwa aliyemtuma anaihesabu kuwa sehemu ya kazi.

Serikali za kikoloni nazo zililijua hilo. Chuo cha Lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887 kiliwafundisha Kiswahili maofisa wa Kijerumani waliokuja kutawala, na Waingereza baada yao waliwataka maofisa wa wilaya wafaulu mitihani ya Kiswahili. Inashangaza, na inapaswa kusumbua, kwamba mkoloni aliyekuja kutawala bila idhini ya watu alijiwekea sharti la lugha ambalo nchi huru haijamwekea meneja wa kigeni wa mgodi.

Hata hivyo kujua lugha peke yake hakumfanyi mgeni kuwa mwenye haki, na historia ya maduka na pamba inalithibitisha hilo. Wafanyabiashara wa asili ya Kihindi waliofungua maduka na viwanda vya kuchambua pamba katika Usukuma wakati wa ukoloni walisema Kiswahili, na wengi wa waliokaa vijijini walisema Kisukuma, kwa sababu mteja wao na mkulima aliyewauzia pamba hakuwa na lugha nyingine. Lakini ilikuwa lugha ya kaunta. Wakulima walilalamika kwa miaka kwamba mizani za wanunuzi zilipunguza uzito wa pamba yao, na ni malalamiko hayo yaliyozaa vyama vya ushirika ambavyo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, viliungana mwaka 1955 na kuchukua biashara ya pamba ya Kanda ya Ziwa kufikia mwisho wa muongo huo. Mfanyabiashara aliielewa lugha ya mkulima vizuri kabisa. Kilichokosekana ni usawa, na mwenye kuitaka lugha kwa mhamiaji asidhani kwamba akishaipata amemaliza kazi.

Migodi ilileta aina mpya ya uhamiaji. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966 na kutoa karibu aunsi milioni moja za dhahabu, na mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga, ambako mji mzima ulijengwa ndani ya uzio. Katika migodi hiyo walikutana mameneja na mafundi wa Kizungu, makarani wa Kihindi, na vibarua kutoka makabila mengi ya Tanganyika, na lugha iliyowaunganisha vibarua na nyapara, yaani msimamizi wa genge la kazi, ilikuwa Kiswahili. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo inafaa kuitazama Afrika Kusini, ambako kampuni za dhahabu zilieneza Fanakalo, lugha iliyochanganya maneno ya Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana, ambayo mchimbaji aliyetoka Msumbiji au Nyasaland (Malawi ya leo) alifundishwa alipoajiriwa na ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya amri: inua, sukuma, simama, shuka. Mtu angeweza kuitumia miaka 20 chini ya ardhi bila kuweza kuposa, kuomboleza au kushitaki kwa lugha hiyo. Katika Katanga, kampuni ya Union Minière ilichagua Kiswahili kuwa lugha ya kazi, na kwa kuwa Kiswahili kilikuwa tayari na uhai wake nje ya mgodi, kikakua kuwa lugha ya nyumbani ya miji kama Lubumbashi. Geita na Mwadui zilifuata mkondo huo wa pili, na tofauti hiyo ilikuwa na faida kubwa kwa kibarua, kwa sababu lugha aliyoamrishwa nayo asubuhi ndiyo aliyoitumia jioni kudai ujira wake.

Ilikuwa pia lugha ya siasa. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walitembea hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya lililochanganya wajumbe wa rangi zote kwa namna ambayo wananchi hawakuikubali, na wengi wao walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji kutoka tawala mbalimbali za kitemi. Kiswahili, ambacho chama cha TANU kilikitumia nchi nzima, kiliwapa jukwaa ambalo halikuwa la Mzinza wala la Msukuma. Baada ya uhuru lugha hiyo ilipewa mamlaka rasmi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, shule za msingi zikafundisha kwa Kiswahili, na kuanzia hapo swali la mhamiaji katika ukanda huu likawa na majibu mawili, kwa kuwa aliyekuja alipaswa kujua Kiswahili ili awe raia mwema na, kwa kadiri alivyokaa kijijini, Kisukuma ili awe jirani. Sungusungu, jeshi la jadi la kulinda mali lililozuka upande wa Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilimkumbusha mgeni jambo hilo kwa njia isiyo na maneno mengi: asiyeelewa mwano, yaani ukelele wa hatari unaoita watu kukimbilia tukio, hakuwa na msaada kwa wenzake na huenda hata akashukiwa.

Wachimbaji wadogo wameipeleka lugha mbele kuliko taasisi yoyote. Tangu dhahabu ya Bulyanhulu ilipojulikana katika miaka ya 1970, na hasa baada ya Benki Kuu kuanza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo mwaka 1990, watu wamemiminika Kakola, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Mwakitolyo kutoka kila pembe ya nchi, wengine wakiwa wamepitia machimbo ya Chunya au Mererani. Katika maeneo hayo duara ni shimo la kuchimbia, matimba ni miti inayoshikilia kuta zake, karasha ni mashine ya kusaga mawe, mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu, na rashi ni mmiminiko wa watu baada ya habari kuenea kwamba dhahabu imeonekana. Mgeni anayefika rashi bila kuyajua maneno hayo huyajua ndani ya siku chache, kwa maana kutoyajua ni hatari: anayeambiwa kwamba matimba yamelegea na asielewe anaweza kufukiwa. Hapa lugha hujifunzwa kama ilivyojifunzwa katika zama za jembe, kwa kufanya kazi bega kwa bega, na hakuna mchimbaji aliyewahi kuhitaji cheti chake.

Historia ya wakimbizi inaonyesha upande mwingine wa suala hili, nao ni nafasi ya serikali. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, hili la mwisho likiwa kusini ya Kahama katika Mkoa wa Tabora, wakapewa ardhi, na watoto wao wakasoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Ilipofika wakati wa kuamua hatima yao, zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, na kufikia hapo waliozaliwa makazini walikuwa wakisema Kiswahili sawa na mtoto yeyote wa Tabora. Wakimbizi wa miaka ya 1990 walipokewa kwa moyo tofauti: waliwekwa kambini, ikiwemo kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ambayo haina uhusiano na Nyarugusu ya dhahabu ya Geita ila kwa jina, wakazuiwa kutoka nje bila kibali, na watoto wao wakafundishwa mitaala ya Burundi na Kongo, pamoja na Kifaransa chake. Mkimbizi hakuchagua kati ya hali hizi mbili. Nchi iliyotaka abaki ilimpa Kiswahili, nayo nchi ileile ilipotaka arudi ikamwachia lugha ya alikotoka, na kwa hiyo yeyote anayemlaumu mhamiaji kwa kutojua lugha ya nchi anapaswa kuuliza kwanza ni shule gani aliyofunguliwa.

Lugha ikitumiwa kuwa chekeche la kutenganisha raia na mgeni huleta dhuluma nyingine. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita ili kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na miongoni mwa waliokumbwa walikuwamo watu waliokaa nchini kwa miongo mingi na familia zilizochanganya ndoa. Lugha za mipakani haziwezi kutoa ushahidi katika jambo kama hilo, kwa sababu Kiha cha Kasulu na Kihangaza cha Ngara, ambazo ni lugha za Watanzania halisi waliotapakaa hadi mashamba na machimbo ya Geita, ziko karibu mno na Kirundi kiasi kwamba msikilizaji asiyezijua hawezi kuzitenganisha, na lafudhi ya Muha mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani inaweza kumfanya ashukiwe katika nchi aliyozaliwa. Lugha inafaa kuwa mlango wa kuingilia katika jamii. Haifai kuwa kipimo cha kumtolea mtu nje.

Wakati wanyonge hao wakipimwa kwa ulimi wao, wageni wenye nguvu kubwa zaidi katika ukanda huu hawajawahi kupimwa. Migodi mikubwa ya awamu mpya ilianza na Geita mwaka 2000 chini ya kampuni za Ghana na Afrika Kusini, ikafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009 chini ya kampuni ya Kanada. Wataalamu waliokuja nayo walifanya kazi kwa Kiingereza, na mwanakijiji mwenye dai la fidia, vumbi au nyufa za nyumba alilazimika kupita kwa mkalimani au ofisa mahusiano. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mgeni anayeomba kuwa Mtanzania awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa Kiingereza, na hilo neno "au" lina maana kwamba mtu anaweza kuwa raia wa Tanzania bila kuweza kuzungumza na raia walio wengi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe mpango wa Watanzania kurithi ujuzi wa mtaalamu wa kigeni, lengo ambalo ni jema kabisa, lakini fundi wa Geita anayefikiri kwa Kiswahili na mtaalamu asiyejua neno lake hurithishana vipande tu vya ujuzi.

Nchi ina kila kinachohitajika ili kurekebisha hali hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vimewafundisha wageni Kiswahili kwa miaka mingi, Makoko ilithibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana katika Kanda ya Ziwa, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Bunge lingelitoa neno "au" katika sharti la uraia na kulifungamanisha na madarasa ya bure kwa mkimbizi na mkulima anayeomba uraia, kwa kuwa sharti lisilo na darasa ni adhabu. Wizara zinazotoa leseni za migodi na vibali vya kazi zingemtaka kila msimamizi wa kigeni apate mafunzo ya Kiswahili kwa gharama ya kampuni katika mwaka wake wa kwanza. Halmashauri za Geita na Sengerema nazo zingefanya kwa Kizinza kile ambacho Bujora ilikifanya kwa Kisukuma, tena zifanye hivyo wakati wazee wanaokisema vizuri bado wapo.

Kwa ushahidi wa historia ya ukanda huu, mhamiaji anapaswa kujifunza lugha ya mwenyeji wake, na anayepaswa kuanza ni yule aliyekuja na mamlaka mengi zaidi.